Kidole Chetu Tumekitoa: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Migori na Homa Bay

Kwa Mheshimiwa Ochillo Ayacko, Gavana wa Kaunti ya Migori;
Kwa Mheshimiwa Gladys Wanga, Gavana wa Kaunti ya Homa Bay;
Kwa waheshimiwa wawakilishi wadi wa mabunge yetu mawili.

KUH: MITI YETU, MTO KUJA NA SEHEMU YENU YA KAZI

Waheshimiwa,

Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa siku ya mapumziko ili tupande miti. Kila Mkenya aliombwa apande angalau miche miwili. Sisi, watu kumi na mmoja wa kijiji kimoja cha Nyatike, tulipanda arobaini. Akina mama wa kanisa walileta miche, vijana wa boda boda wakaibeba bila kututoza nauli, na mimi, mwalimu mstaafu mwenye mgongo mbovu, nikapewa kazi ya kushika kamba ili mistari inyooke. Tulipanda kando ya Mto Kuja, pale ambapo ukingo umeliwa na maji mpaka mizizi ya mkuyu mmoja mzee inaning'inia hewani. Kila mche tuliuzungushia miiba, maana mbuzi wa kwetu hawasomi mabango.

Masika yaliyofuata mto ulifurika. Haukuhangaika kung'oa mche mmoja mmoja. Ulibeba ukingo wenyewe na kila kilichokuwa juu yake. Miche thelathini na minane ilikwenda. Ijumaa tarehe 10 Mei 2024 tukapewa siku nyingine ya mapumziko tupande tena, safari hii kwa kuwakumbuka Wakenya waliokufa katika mafuriko hayo. Asubuhi hiyo baadhi ya majirani zangu walikuwa wameamka kwenye sakafu ya darasa, na mashamba ambayo wangepandia yalikuwa bado chini ya maji. Jirani yangu mmoja, mama wa rika la marehemu mamangu, aliniambia, "Japuonj (mwalimu), miti yetu sasa iko njiani kwenda Uganda." Tulicheka, kwa sababu hakudanganya: kinachoingia Kuja huishia ziwani, Nam Lolwe, na maji ya Nam Lolwe hutokea Jinja. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Sisi tumepanda. Wao wanapanda nini?"

Alimaanisha ninyi. Ndiyo maana nawaandikia.

Katika hadhara zenu kuna methali moja ambayo haikosekani: kidole kimoja hakivunji chawa. Mnaitumia kutuhimiza tuamke, tupande, tusikate, tusichome makaa. Niliifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, na kila mara niliwaambia wanafunzi waangalie hesabu iliyomo ndani yake. Methali haikitukani kidole kile kimoja kwa uvivu, wala haikiagizi kijikaze zaidi. Inasema kijikaze kitakavyojikaza, chawa atapona mpaka kidole cha pili kije upande wa pili. Kwa hiyo mnapotuhubiria methali hii, waheshimiwa, mnajitaja na ninyi wenyewe.

Katiba yetu ya 2010 inasema jambo hilohilo kwa lugha ya sheria. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinagawa kazi, na kinaanza na Serikali: ndiyo itakayohakikisha mali asili inatumiwa kwa njia endelevu, ndiyo itakayofanya kazi ili miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, ndiyo itakayokomesha shughuli zinazoweza kuhatarisha mazingira. Baada ya orodha hiyo ndefu ndipo kifungu kinapomgeukia raia na kumwambia ana wajibu wa kushirikiana na vyombo vya Serikali na watu wengine kuyalinda mazingira. Neno lililotumika ni kushirikiana. Nami nauliza, raia atashirikiana vipi na mwenzake ambaye hajafika kazini? Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ikaliongezea jambo hili uzito. Ilimweka Rais mwenyewe kuwa mwenyekiti wa baraza la kitaifa la tabianchi, na ikaziagiza kaunti kuingiza suala hili katika mipango yao ya maendeleo. Haikukusudia kuwa kazi ya siku za mapumziko.

Wazazi wetu waliujua mgawanyo wa namna hii bila kusoma katiba. Enzi za Harambee walichanga mawe, mchanga, kuku na shilingi moja moja, wakasimamisha madarasa. Walifanya hivyo wakijua kwamba ukuta ukifika juu wataiendea serikali na kusema: sisi tumemaliza, leteni walimu. Hakuna mzazi aliyeambiwa akishajenga darasa aingie mwenyewe afundishe hesabu. Leo, kwa habari ya tabianchi, ndivyo tunavyoambiwa.

Sitaki mdhani kwamba tunajitakasa. Tunakata. Makaa yanayopikia mjini Homa Bay na Mbita hayashuki kutoka mbinguni; yana vilima vyake, na watu wa Gwassi na Lambwe wanavijua. Aliyeuona Mlima Wire pale Oyugis zamani akiuona leo hukaa kimya. Sheria inataka kando ya mto pasilimwe, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake, nasi tunapanda mahindi mpaka miguu ya mahindi iloe. Kanuni za kilimo za 2009 zinamtaka mkulima aache sehemu moja ya kumi ya shamba lake iwe ya miti, na sijui wazee watatu kijijini kwangu waliowahi kuzisikia. Makosa haya ni yetu na tutayajibu.

Lakini yatazameni vizuri makosa hayo, kwa sababu karibu kila moja lina mlango wa ofisi nyuma yake. Lori linalotoka Kobala na mchanga halijifichi. Linapita mchana, kwenye barabara kuu, na linalipa ushuru wa kaunti. Kijana mwenye beleshi huitwa mharibifu wa mazingira barazani, lakini sijawahi kusikia baraza likiikemea risiti. Vivyo hivyo kanuni ile ya sehemu moja ya kumi: mkulima atatiije sheria ambayo hakuna afisa wa kilimo aliyefika kumsomea?

Kisha yako mambo ambayo mikono yetu haiyafikii kabisa, hata tungekuwa watakatifu. Mfano wangu ni huu mto wenyewe. Kuja unaanzia nyanda za juu za Nyamira na Kisii, ambako wenyewe huuita Gucha. Mto Migori unateremka kutoka upande wa Transmara, kaunti ya Narok. Mito hiyo miwili hukutana Nyatike, kisha ikaingia ziwani kwa pamoja. Mvua ikinyesha Kisii usiku, sisi huku chini tunaamka na maji ya rangi ya chai uani, ilhali paa zetu ni kavu. Udongo uliomo katika maji hayo ni shamba la mtu. Yeye analima mteremko kwa sababu ndio urithi aliobakiziwa baada ya babu, baba na kaka zake kugawana. Mimi siwezi kumwambia achimbe matuta. Chifu wangu hawezi. Hata gavana wangu hawezi kumwamuru, lakini gavana ana simu ya gavana mwenzake, na kaunti zetu zote mbili ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kaunti 14 za eneo la ziwa, pamoja na Kisii na Nyamira. Mlikaa lini kwenye meza hiyo mkaijadili Gucha kuanzia chemchemi hadi mdomoni, na mlikubaliana nini?

Wala mtu asituambie kwamba mto huu hauzuiliki. Katika miaka ya 1950, kwenye maporomoko ya Gogo, Kuja ulijengewa kizuizi na mtambo wa umeme ili mgodi wa Macalder upate nguvu ya kuchimba shaba na dhahabu. Palipokuwa na madini, fedha za ukuta zilipatikana. Leo nyuma ya ukuta ule tope limejaa, na chini yake watu wanaomba kuta za kuzuia mafuriko mwaka baada ya mwaka. Tunaziomba Aprili tukiwa kwenye maji, tunaahidiwa Mei mbele ya kamera, na kufikia Agosti vumbi likirudi barabarani kila mtu ameshasahau isipokuwa yule ambaye nyumba yake ilianguka.

Ziwa nalo lina hesabu zake. Wazee wetu wanakumbuka mvua za 1961 na jinsi ziwa lilivyopanda miaka iliyofuata mpaka likaweka alama ya 1964 ambayo ilidumu zaidi ya nusu karne. Mei 2020 alama hiyo ilipitwa. Fuo zetu, kuanzia Muhuru na Sori hadi Mbita na Kendu Bay, zilijua kabla ya wataalamu kutangaza. Mahali pa kuanikia omena palikwenda. Akina mama waliosogea juu walikuta ardhi ya watu, wakaanza kulipia walichokuwa wakikipata bure. Na mvua ikipiga omena kabla hazijakauka, zile zilizokusudiwa sahani ya mtu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama huyo hachomi petroli, hana gari, na pengine hajawahi kupanda ndege. Mtamwambia apunguze nini?

Nisiwe mlalamishi tu. Nimeona pia jinsi mambo yanavyokwenda vidole viwili vinapokutana, na mfano wa kwanza umetoka hapahapa Migori. Kwa miongo mingi wakulima wetu, hasa upande wa Kuria, wamelima tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwa moto, na moto huo ni miti yetu. Tuliwahubiria sana. Mapadri waliwahubiria, walimu tuliwahubiria, madaktari wakawaeleza habari za mapafu. Wakaendelea kulima, kwa sababu kampuni ilikuwa imewakopesha mbegu na mbolea, deni lilikuwa halijaisha, na mnunuzi alikuwa anajulikana. Kisha miaka michache iliyopita ukaja mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, wa serikali ya Kenya pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo. Huo haukuleta mahubiri. Ulileta mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, mbolea, mikopo midogo ya kumaliza madeni ya tumbaku, na soko la kuuzia mavuno. Wakulima waliojiunga nao wakaacha tumbaku. Walikuwa watu walewale, wenye mioyo ileile na mashamba yaleyale. Uamuzi ulikuwa wao, kila mmoja shambani kwake, lakini kabla ya hapo hawakuwa na la kuchagua.

Mfano wa pili unatoka jikoni. Tunaambiwa tuache kuni na makaa, tupikie gesi. Vyema. Mwaka 2016 serikali ya kitaifa iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia. Julai 2021 ikairudisha kwa asilimia 16. Mwaka 2022 ikaipunguza hadi asilimia 8, na 2023 ikaiondoa tena. Mwalimu mwenzangu mmoja alinunua mtungi wakati wa nafuu, kodi iliporudi akaugeuza kigoda cha kukalia, na ilipoondolewa hakuamini tena. Ndani ya miaka hiyo saba mapenzi yake kwa miti hayakubadilika hata kidogo. Kilichokuwa kikibadilika ni karatasi iliyotiwa sahihi Nairobi. Mnajua kwamba kodi hiyo si yenu kaunti kuipanga, nami najua. Lakini jiko la chuo cha ufundi cha kaunti na uji wa watoto katika chekechea ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Anzeni na majiko hayo, kisha mje kuangalia langu.

Wa tatu mnaukumbuka nyote. Kwa miaka kumi tuliambiwa mifuko ya plastiki ni mibaya. Katazo la 2007 halikushika, la 2011 halikushika. Tarehe 28 Agosti 2017 likaja lile lenye meno, faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, na likatekelezwa. Wauzaji wa soko la Rongo na wa Oyugis waliamka siku iliyofuata na vikapu. Hawakuongoka usiku mmoja. Walichokiona ni kwamba kanuni inamshika kila mtu, mkubwa na mdogo, na kwamba jirani anayetii hatapunjwa na jirani anayekaidi. Mwananchi peke yake hawezi kujipatia uhakika huo. Hata akiutamani vipi, lazima autoe mwenye mamlaka.

Huko ng'ambo nako kuna hadithi inayofanana na hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kubwa ya mafuta ya Uingereza, BP, ilifanya kampeni ya matangazo iliyoeneza dhana ya nyayo za kaboni. Ikamwekea kila mtu kikokotoo kwenye mtandao ajipimie mwenyewe amechafua kiasi gani kwa safari zake, chakula chake na taa za nyumbani kwake. Mchimba mafuta akawa ndiye mwalimu wa kumsahihisha mwasha taa. Sisi tuliolelewa katika enzi za Nyayo tunajua kwamba wakubwa wanapokuambia uangalie nyayo, ni vyema uinue kichwa kidogo uone nani yuko mbele na anakwenda wapi.

Na hapa, waheshimiwa, ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Septemba 2023 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi. Viongozi wetu walisimama wakaiambia dunia kwamba Afrika imechangia sehemu ndogo sana ya gesi zinazolipasha joto anga, lakini inabeba mzigo mkubwa. Kwamba si haki mdogo aambiwe ajitegemee huku mkubwa akimpa ushauri. Walisema kweli. Mchango wa Kenya nzima katika gesi hizo za dunia ni mdogo sana. Karibu miezi mitatu baadaye, kule Dubai, dunia ikakubaliana mfuko wa hasara na uharibifu uanze kazi. Na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ikatoa maoni yake kwamba kuilinda tabianchi ni wajibu wa kisheria wa mataifa, si jambo la hiari. Ninachoomba ni kwamba hoja mliyoipeleka duniani mrudi nayo nyumbani. Mkisimama mbele ya Ulaya mnasema mwenye uwezo mkubwa atangulie. Mkisimama mbele ya mama wa Nyatike mnasema tuanze na mtu mmoja mmoja. Kipimo ni kimoja, na ukubwa wenu kwake ni kama wa Ulaya kwenu.

Wala msije mkalikimbilia jibu la upande wa pili, kwamba kosa ni la viwanda vya wazungu kwa hiyo tusubiri wao. Mvua kubwa huenda imepikwa mbali. Mfereji uliozibwa na taka mjini Migori haukuzibwa na mtu wa mbali, na ukuta ambao haujajengwa kando ya Kuja hautajengwa na mtu wa mbali.

Watu wa Homa Bay mna ziwa dogo karibu na Kendu Bay, Simbi Nyaima, ambako watalii huja kuwatazama ndege aina ya heroe. Wasimulizi hutofautiana katika mengi, lakini kiini cha kisa ni hiki: usiku mmoja kijiji kilikuwa kwenye pombe na ngoma, bibi kizee akaja akiomba hifadhi, akafukuzwa mlango baada ya mlango. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Bibi akamwambia aondoke na watu wake. Mvua ikashuka, kijiji kikazama, na pale kilipokuwa pakawa ziwa. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kisa hiki ili tuwe kama yule mwanamke. Uzeeni nakisikia tofauti. Wema wa mwanamke yule ulitosha nyumba moja. Haukutosha kijiji. Kijiji kilikuwa na wenyewe, wazee waliokuwa na sauti ya kusimamisha ngoma na kuwaambia watu wahame, na wao walikuwa kwenye pombe. Kijijini kwangu tuko watu kumi na mmoja wenye moyo kama wake. Wenye sauti ya kusimamisha ngoma ni ninyi.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayowaomba.

Kwanza, Kuja. Ketini pamoja na wenzenu wa Kisii, Nyamira na Narok, mtoe mpango mmoja wa mto mmoja: matuta juu, miti katikati, kuta chini. Kuta za Nyatike ziwe kwenye bajeti kabla ya masika, pamoja na fedha za kuzitunza, maana ukuta usiotunzwa hutunza maji nyuma yake na kuyaachilia yote siku moja.

Pili, badilisheni namna ya kuhesabu miti. Rais alipozindua mpango wa miti bilioni 15 mnamo Desemba 2022, mwisho wake uliwekwa 2032. Kila siku ya kupanda tunasikia hesabu ya miche iliyotiwa ardhini. Tusomeeni iliyo hai baada ya miaka mitatu. Mwalimu haripoti idadi ya watoto aliowaandikisha darasa la kwanza na kuita hayo matokeo ya mtihani.

Tatu, fedha. Tunajua kaunti zenu zimo katika mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, ule unaoitwa FLLoCA, ambao Benki ya Dunia inauunga mkono, na kwamba unadai kila wadi iwe na kamati yake. Hilo ni jambo jema na nawapongeza. Sasa kila baada ya miezi mitatu msimamizi wa wadi asimame barazani asome kwa Dholuo, Kisuba, Kikuria au Kiswahili: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimefanya nini. Karatasi ikibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kaunti, kilomita nyingi kutoka ufuoni, huko ni kuificha kwa adabu.

Nne, akina mama wa omena. Kila ufuo mkubwa upate meza za kuanikia zilizoinuka juu ya mchanga, na paa la kukimbilia mvua inapokuja. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai. Miezi hiyo minne inatosha kabisa kujenga, na hakuna atakayewasumbua mafundi.

Nanyi mkifanya hayo, mtudai. Mkituletea miche inayofaa kando ya mto, mnikute mimi nimeihesabu. Mkiweka mipaka ya kingo kwa vigingi, mahindi yetu yarudi nyuma, na anayevuka ashtakiwe hata akiwa mjomba wangu. Mkifunga machimbo ya mchanga yanayokula fuo, vijana wale wa mabeleshi wapewe kazi ya kujenga kuta, na atakayerudi kuchimba asitetewe na mtu. Hatuombi kuachiliwa kazi. Tunaomba kazi igawanywe kama Katiba ilivyoigawa.

Na kwa wasomaji wenzangu wa kaunti hizi mbili: Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu yeyote kati yetu kwenda mahakamani kudai haki yake ya mazingira, na hakimtaki athibitishe kwanza kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Huhitaji kusubiri nyumba ianguke. Kabla ya mahakama kuna vikao vya bajeti ya kaunti, ambavyo sheria inataka tuitwe. Twendeni, tukae viti vya mbele, tuulize habari za Kuja mpaka watuchoke. Kisha kuna uchaguzi wa Agosti 2027.

Miche miwili ilibaki kati ya ile arobaini. Tuliipanda mbali kidogo na mto kwa sababu kamba yangu ilikuwa imeisha, na sasa imenipita kimo. Novemba ikija tutapanda arobaini mingine. Mashimo tutachimba wenyewe, miiba tutakata wenyewe, mbuzi tutawafukuza wenyewe. Ukuta wa kuuzuia mto hatuuwezi. Huo ni wenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nyatike, Kaunti ya Migori